Nguo Tano za Ngurumo

Bi Pindo hakuwa na sanduku wala kabati la kufuli. Vitu vyake vyote vya maana vilikaa ndani ya pindo. Cheti cha ndoa kilikuwa kwenye pindo la pazia. Ada ya mjukuu ilikuwa kwenye gauni la kijani ambalo hakuna mwizi mwenye macho angelitamani. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye shuka, upande wa miguuni, na marehemu mumewe alikuwa akilalamika kwamba katika nyumba ile mtu hawezi kujifunika bila kulalia mali. Akishaficha kitu, Bi Pindo alipitisha mshono mmoja wa uzi mwekundu, mfupi kama punje ya mchele, ili mwenyewe asisahau. Walioanzisha tabia hiyo ni panya. Walikula hati ya kiwanja wakabakiza mhuri, na mhuri peke yake haujengewi nyumba.

Kitu kimoja tu hakikuweza kuingia kwenye pindo, nacho ni Ngurumo. Hiyo ilikuwa cherehani ya umeme, nyeusi, nzito, ya kushonea hata turubai. Alikuwa ameilipia kwa miaka kumi na mmoja ya kufupisha suruali za watu. Ikiwashwa, vikombe vilicheza kabatini na mtoto wa jirani aliacha kulia ili asikilize. Bi Pindo alipenda kusema kwamba ameolewa mara mbili, na huyu wa pili ndiye aliyekuwa anaamka asubuhi.

Mwaka huo shule iliyo nyuma ya soko ilimpa kazi ya sare mia mbili na arobaini. Malipo ni siku ya kukabidhi, na siku ya kukabidhi ni baada ya wiki tisa. Akichelewa, mwalimu mkuu alisema bila kuzunguka, kazi itakwenda kwa fundi wa barabara kuu mwenye mashine sita, wala haitarudi tena. Mashine na mikono Bi Pindo alikuwa navyo. Pesa ya vitambaa ndiyo hakuwa nayo.

Akaenda benki. Kijana wa dirishani alimpokea vizuri.

"Hati ya kiwanja unayo, mama?"

"Waulize panya."

"Samahani?"

"Sina, mwanangu."

Akatoka na karatasi ya masharti, ambayo ilimfaa kukatia kipimo cha kola.

Ndipo aliposikia habari za ofisi ya mikopo iliyo ghorofani, juu ya duka la vioo. Hao hawakutaka hati. Walitaka wanawake watano wanaojuana, kila mmoja awe mdhamini wa wenzake, na kila mmoja awe na kitu cha thamani nyumbani. Mkaguzi angekuja kukiona kwa macho yake na kukipiga picha. Baada ya hapo pesa inatoka.

Bi Pindo akawaita wanne. Wa kwanza alikuwa msusi, ambaye vidole vyake vilikuwa vyepesi na ulimi wake ukavishinda. Wa pili alikuwa muuza mkaa, mwanamke wa maneno machache na toroli kubwa. Wa tatu alikuwa Mama Pacha, muuza ndoo na mabeseni. Wa nne alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyeuza sabuni za vipande na kugawa maneno bure. Wote walikuwa na biashara, wote walihitaji mtaji, na wote walikuwa wameshafukuzwa kwa adabu kwenye dirisha la yule kijana.

"Mna nini majumbani?" Bi Pindo akauliza.

"Nina kikaushio cha nywele," msusi akasema. "Kinaunguza kidogo, lakini kinang'aa."

"Mimi nina pacha," akasema Mama Pacha.

"Hawachukui dhamana inayokula," wifi akamjibu.

Muuza mkaa alikuwa anaitazama Ngurumo. Bi Pindo naye akaitazama, na wazo likamjia likiwa limeshonwa tayari, hata vifungo limeshatiwa.

"Mashine itangulie," akasema, "mkaguzi afuate. Tutabeba kichwa tu, meza kila mtu anayo. Akitoka kwangu atakikuta kwa Mama Pacha, akitoka kwa Mama Pacha atakikuta kwa msusi. Toroli lipo, njia ya nyuma ipo."

"Ataona ni mashine ileile," wifi akasema.

"Wewe ukikutana na mtu amebadili nguo, unamtambua?"

"Namtambua kwa uso."

"Ngurumo haina uso. Kila nyumba nitaishonea nguo yake."

Wifi akaitazama mashine juu hadi chini. Kisha akasema, "Mume mmoja, wake watano. Haya mambo wanaume wakifanya huwa yanaishia pabaya, wifi yangu. Sijui kwa nini yetu yaishie pazuri." Hata hivyo akaomba ya kwake iwe nyeupe yenye lesi.

Bi Pindo akashona nguo nne mpya za kufunikia mashine: ya drafti ya bluu, ya maua, nyeusi isiyoonyesha vumbi la mkaa, na hiyo nyeupe ya lesi. Ya kwake ilikuwepo siku nyingi, ya kaki. Ndani ya pindo la ile ya kaki ilikaa risiti ya Ngurumo, karatasi moja tu yenye mhuri, namba ya mashine na maneno "imelipwa yote". Kwenye nafasi ya jina la mnunuzi, muuzaji alikuwa na haraka siku ile, akaandika "mteja". Bi Pindo hakuona ubaya. Mteja si yeye?

Ila mkono una mazoea kuliko mwenyewe. Kila alipomaliza pindo la mfuniko mpya, sindano ilikwenda yenyewe kwenye kibweta cha uzi mwekundu, ikapitisha ule mshono mmoja, na ndani hamna kitu. Alifanya hivyo mara nne bila kujiona.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi asubuhi. Alikuwa kijana mrefu, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Baadaye mtaa ulimpa jina la Bwana Picha, lakini siku ile alikuwa bado mgeni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maji."

"Nikiwa kazini sinywi."

Aliizunguka Ngurumo. Wifi alikuwa amebandika kikaratasi cha ua juu ya namba ya mashine, akawa na hadithi ndefu tayari endapo kitaulizwa. Hakikuulizwa. Bwana Picha alipiga picha mbili, kisha akalishika pindo la mfuniko wa kaki kwa vidole viwili. Vidole vikafuata ukingo polepole, vikafika kwenye uzi mwekundu, vikasimama. Akaminya. Ndani ya pindo karatasi ikalia kidogo, kama jani kavu likikanyagwa na kuku.

Akaliachia pindo, akaaga, akafika mlangoni, na hapo akafanya jambo ambalo Bi Pindo alilikumbuka kuliko yote: alijipangusa viatu kwenye zulia, wa kulia kisha wa kushoto, akiwa anatoka. Watu hujipangusa wakiingia. Huyu alijipangusa kana kwamba uchafu uko ndani.

Muda wa kulifikiria haukuwepo. Msusi alishamdaka kichochoroni. "Nywele zako zinaota vizuri, kaka. Umeoa, au bado unachagua?" Nyuma ya nyumba muuza mkaa na Bi Pindo walikuwa wanasukuma toroli, Ngurumo imelala chini ya magunia mawili kama mgonjwa anayetoroshwa hospitali. Kwa Mama Pacha ikavaa drafti. Kwa msusi ikavaa maua. Zamu ya muuza mkaa ilipofika, mkaguzi alimkuta mwenye nyumba anahema, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Pole na kazi," akamwambia.

"Nimeshapoa," muuza mkaa akajibu.

Katika kila nyumba, vidole viwili vya Bwana Picha viliutafuta ukingo wa mfuniko, vikausoma mpaka mwisho. Kwa wifi, penye lesi, alikaa nao zaidi.

"Mna fundi mzuri mtaa huu," akasema.

"Tunaye," wifi akajibu.

"Mmoja tu?"

"Wa nini wengi?"

Akatabasamu, akapiga picha, akajipangusa viatu akitoka.

Jumatatu pesa ilitoka, kwa wote watano, pungufu hamna. Msusi alicheza ngoma bila ngoma. Mama Pacha akanunua mabeseni ya rangi tatu. Walisaini karatasi nyingi, na katika kifungu cha tisa, ambacho Bi Pindo alikisoma kwa kidole neno kwa neno kama alivyofundishwa darasa la tatu, iliandikwa kwamba dhamana ya mmoja ikigundulika ni ya uongo, kikundi kizima kitarudisha mkopo wote siku hiyohiyo. Walitazamana, wakasaini. Ni wifi pekee aliyerudi nyumbani amekunja uso.

"Mkaguzi asiyeuliza namba ya mashine," akasema, "alikuja kukagua nini?"

Wiki mbili Ngurumo ilinguruma kuliko ilivyowahi. Sare themanini zilikuwa zimepangwa ukutani, kola juu, vifungo vimetiwa. Bi Pindo alianza kulala usingizi wa watu wenye akili timamu. Ndipo mchana mmoja, wala si siku ya marejesho, gari dogo la mizigo likasimama nje na Bwana Picha akaingia peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakukaa. Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia, akamwonyesha picha tano, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mfuniko wa kaki. Wa drafti. Wa maua. Mweusi. Wa lesi. Kisha akazirudia akizikuza upande wa chini. Mshono mwekundu. Mshono mwekundu. Mshono mwekundu. Wa nne. Wa tano.

"Nimefanya kazi hii miaka sita," akasema kwa sauti ya mtu anayesifu kweli. "Nimeona kochi la kuazima. Nimeona friji isiyo na mashine ndani. Nimeona hata mume wa kuazima, kwa ajili ya sahihi. Lakini wa kuishonea dhamana nguo, wewe wa kwanza."

Bi Pindo akaweka mkasi mezani. "Unataka nini?"

"Kuazima tu, mama yangu. Siku moja. Kuna kikundi ng'ambo ya reli, wanawake wazuri, hawana kitu. Nao ni watu. Nami nalipwa kwa kila kikundi kinachopita."

"Na nikikataa?"

"Sitakufanya lolote. Nitaandika nilichokiona. Ndiyo kazi yangu."

Kifungu cha tisa kikapita kichwani mwa Bi Pindo chote, pamoja na kidole alichokisomea. Mabeseni ya Mama Pacha yalikuwa hayajauzwa. Vitambaa vyake mwenyewe vilikuwa vimeshakatwa, na kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani. Akaifungua Ngurumo kutoka mezani, akaifunga kwa mikono yake kama anamfunga mtoto wa safari.

"Na nguo yake," Bwana Picha akasema. "Ile ya kaki. Isipate vumbi."

Gari lilipokwisha kukata kona ndipo alipokumbuka risiti. Akasimama pale mlangoni akijiambia hakuna anayejua. Kesho yake mchana mashine ilirudi bila mkwaruzo. Kabla hata ya kuiwasha aliliminya pindo la kaki. Karatasi ikalia. Akashusha pumzi.

Gari lilikuja tena wiki iliyofuata, likakaa na mashine siku mbili. Likaja tena, siku tatu. Ngurumo ikawa inarudi na harufu za nyumba nyingine. Mara ilinuka mafuta ya taa. Mara ilikuwa na tone la nta begani, na mara nyingine chaki ya mtoto ilikuwa imechora jua na watu wawili wasio na shingo. Bi Pindo alizifuta alama hizo kwa kitambaa cha maji, na kila alipofuta alijua kuna mwanamke mahali fulani ameapa mbele ya simu kwamba mashine hii ni yake. Alijaribu kuwahesabu, akaacha alipofika thelathini na kitu. Usiku na mchana aliokuwa nao ukakatwa vipande. Zikiwa zimebaki wiki mbili, sare zilikuwa mia moja na thelathini.

Kila iliporudi aliliminya pindo, na kila alipominya karatasi ililia. Angeendelea hivyo mpaka leo kama siku moja asingevaa miwani ili asifu kazi yake mwenyewe.

Mshono wa Bi Pindo uliinama. Zamani sindano ilimpita kwenye dole gumba, na tangu hapo kila mshono wake wa mkono uliegemea kushoto kama mlevi ukutani. Ule mwekundu kwenye pindo la kaki ulikuwa umesimama wima.

Aliufumua taratibu. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kwa kipimo kilekile, unene uleule. Kilikuwa kipande cha gazeti, tangazo la saruji.

Wifi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anakata sabuni. Akaiangalia karatasi, akaangalia pindo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, lakini bila kicheko. "Ameipata lini?"

"Huenda siku ya kwanza. Huenda ya mwisho. Aliyeishona tena ni fundi mzuri."

Walikwenda dukani iliponunuliwa mashine ili waandikiwe risiti nyingine. Duka lilikuwa limegeuka la simu, na binti wa pale alisema cherehani hajawahi kuziona ila kwa bibi yake. Wakapanda ofisini, juu ya duka la vioo. Walikaa kwenye benchi, mbele yao karani mwanamke mwenye uso wa huruma.

"Niwasaidie nini, mama zangu?"

Bi Pindo alikuwa amelipanga neno njiani, amelipima na kulikata. Sasa akaona halina pa kuvaliwa. Akisema afisa wenu amechukua risiti yangu, ataulizwa risiti ya mashine gani. Akitaja mashine, itafunguliwa kompyuta, na ndani yake mashine hiyo ina wenyewe watano mtaa mmoja, sijui wangapi ng'ambo ya reli. Nyuma ya karani, ukutani, kifungu cha tisa kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, nyekundu.

"Tulitaka kujua kama Jumanne mnafungua," akasema.

"Tunafungua kila siku, mama."

"Afadhali."

Kwenye ngazi wifi alimshika mkono. Chini, katika vioo vya dukani, waliona wanawake wawili wazee wakishuka mara kumi na mbili.

Bwana Picha alikuja keshokutwa yake. Bi Pindo hakungoja salamu.

"Risiti yangu."

"Shikamoo, mama." Akaitoa mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni safi, akaishika mbali kidogo ili isomwe bila kuguswa. Kwenye nafasi ya jina, baada ya neno "mteja", kulikuwa na jina kamili la mkaguzi sasa, kwa wino unaofanana sana. "Niliandika mahali palipokuwa wazi. Karatasi muhimu hivi, mama, huachi nafasi wazi."

Wifi akasimama na kisu cha sabuni. Bwana Picha akamtazama kwa heshima mpaka akakaa.

"Siichukui," akasema. "Ningeipeleka wapi? Hata kutunga uzi sijui, pindo lile nililipeleka kwa fundi. Itakaa palepale ilipo. Siku unazoshona utanipa kidogo, ya siku. Siku nikiihitaji naichukua. Sare zako utamaliza, mimi mwenyewe nitaacha kuiazima mpaka umalize. Kikundi chenu kitabaki na jina zuri, mtapata mkopo mkubwa zaidi mwakani. Nani ameumia?"

Alitaja kiasi cha siku. Bi Pindo hakuhitaji kalamu. Ukitoa vitambaa, marejesho na hiyo ya siku, sare mia mbili na arobaini zingemwachia pesa ya uzi.

"Na jambo jingine," Bwana Picha akasema. "Nahitaji mifuniko. Kumi na miwili ya kuanzia, rangi mbalimbali. Bila ule uzi mwekundu."

Ukutani sare mia moja na thelathini zilining'inia bila watoto ndani. Zimebaki mia moja na kumi, na siku kumi na moja. Bi Pindo akauvuta utepe wa kipimo shingoni.

"Meza kubwa au ndogo?" akauliza.

"Changanya."

Wifi akageuza uso dirishani.

Bi Pindo alishona siku hiyo mpaka vikombe vikachoka kucheza. Mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kibweta cha uzi mwekundu, na mara mbili aliurudisha kwa mkono mwingine, kama unavyomrudisha mtoto anayetaka kutoka nje kukiwa na mbwa.

Asubuhi yake, kabla hajawasha mashine, alisikia hatua nje, akainua macho. Alikuwa Bwana Picha. Alisimama kizingitini, akautazama ukuta, dari, meza, Ngurumo, kama mtu anayetazama pa kupaka rangi. Kisha akainamisha kichwa, akajipangusa viatu kwenye zulia, wa kulia kisha wa kushoto, taratibu, mpaka vikawa safi. Ndipo akaingia. Akavuta kiti, akakaa, akaomba maji ya kunywa.